Ushauri: mtoto amfichie baba yake au aseme kweli?

MsomajiWaUsiku: Wakuu, wakubwa shikamooni. Nasoma falsafa na usingizi sipati. Mtawala wa She, China ya kale, alijisifu mbele ya mwanafalsafa Konfusio kwamba kwao kuna mtu mnyoofu: baba yake aliiba kondoo, naye akatoa ushahidi. Konfusio akajibu kuwa kwao baba humfichia mwana, mwana humfichia baba, na unyoofu umo humo humo. Jamii ya haki itasimama hivyo?

Kipusa: Mkuu, hakuna anayekosa usingizi kwa kondoo wa China ya kale. Sema kilichokusibu.

MamaWawili: Kaka yangu aliuza shamba la marehemu baba, tukanyamaza kulinda jina la ukoo. Leo mama anaishi chumba cha kupanga. Mimi nasema sema.

MsomajiWaUsiku: Haya. Baba ni mweka hazina wa kikoba chetu. Imepungua 1,850,000. Ada yangu ya muhula ilitoka humo, nimejua baadaye. Barua kwa mwenyekiti nimeshaiandika. Msinihukumu, hata Euthyphro, yule wa kitabu cha Plato cha Ugiriki ya kale, alimshtaki baba yake.

Mzee_Kibao: Kijana, Euthyphro alimshtaki baba kwa kifo cha kibarua aliyefungwa kamba na kutupwa shimoni, na bado mwanafalsafa Sokrates alimshangaa kwa kujiamini kwake. Msome Mencius, mfuasi wa mafundisho ya Konfusio. Aliulizwa: baba wa mfalme Shun akiua mtu, itakuwaje? Akasema Shun asingemzuia hakimu kumkamata. Angeutupa ufalme, ambebe baba mgongoni, wakimbilie pwani. Ninavyomwelewa, Shun hakutumia cheo kuizima sheria. Gharama ya kumpenda baba aliibeba mwenyewe. Rudisha ada kwanza.

MsomajiWaUsiku: Ada nimeshalipa chuoni, nirudishe nini? Nikiacha masomo nani atafaidika?

Kipusa: Hii chai. Kondoo kageuzwa kikoba. Sanduku la kikoba lina kufuli 3 na funguo hukaa kwa watu 3 tofauti. Baba alifunguaje peke yake?

Mzee_Kibao: Hapo kuna hoja. Jibu.

MsomajiWaUsiku: Si chai. Mmoja anao baba. Wa pili ni wa mama mmoja jirani, alipata msiba akamwachia baba.

Kipusa: Na wa tatu?

MsomajiWaUsiku: Nilikabidhiwa mimi. Aliniomba, sikumuuliza wa nini. Ni baba yangu.

MamaWawili: Mwanangu, kwenye hiyo barua umeandika jina lako, au la baba peke yake?