Sikio limeziba baada ya kuogelea: nifanyeje?

Mkazi wa Tabata: Habari zenu wakuu. Tangu nitoke kuogelea Kigamboni Jumapili, sikio langu la kulia limeziba na sauti yangu mwenyewe inavuma kichwani, ingawa sina maumivu yoyote. Je, niendelee kulichokonoa kwa vijiti vya pamba au niende hospitali?

Mfamasia wa Sinza: Pole sana, mkuu. Inaelekea nta iliyokuwemo imefyonza maji, ikavimba na kuziba njia ya sikio. Vijiti viache kabisa, kwani huisukuma nta ndani zaidi, kuelekea kwenye ngoma ya sikio. Dondoshea matone 2 au 3 ya mafuta ya zeituni, kisha ulalie ubavu wa kushoto kwa dakika 5 hadi 10, asubuhi na jioni, kwa siku kadhaa. Lakini usithubutu ikiwa ngoma imewahi kutoboka au sikio linatoa usaha.

Mama Wawili: Kama una mafua, huenda tatizo si nta, bali ni kuvimba kwa mrija unaounganisha sikio la kati na koo. Hapo mafuta hayasaidii. Meza mate na upige miayo mara kwa mara.

Mfamasia wa Sinza: Ni kweli, dada. Nta ikikataa kutoka, sikio huoshwa kliniki kwa maji yenye joto la mwili, maana maji ya baridi huleta kizunguzungu. Usikivu ukipotea ghafla, nenda hospitali siku hiyohiyo.