Binamu kafariki kabla ya kesi, shangazi asema mimi ndiye niliyemuua. Niende arobaini?

Mwana_Langoni
Asalaam aleikum. Naandika usiku, mume kalala.

Mimi ni mweka hazina wa chama chetu cha mtaa hapa Lamu, tuko watu 24. Katibu alikuwa binamu yangu, mtoto wa shangazi. Nilipokuwa nikilinganisha daftari na slipu za benki nikakuta shilingi 140,000 hazipo. Slipu moja ya 13,000 ile 1 ilikuwa ya wino mwingine, imebanwa pale mwanzoni kama mtu aliyechelewa swala. Nilimuuliza yeye kwanza. Akacheka, akasema hesabu sikusoma.

Wanachama wakaenda polisi, nami nikaandika maelezo nikatia sahihi. Akashtakiwa, akatoka kwa dhamana. Wiki mbili kabla ya kesi kusikizwa, akajiua.

Shangazi asema mwanawe aliteleza gatini. Hakuiba, hakujiua, na "aliyemuua ni mwenye kalamu." Kwenye chama nako wanasema angekuwa msafi angesubiri hakimu. Makaburini ilitangazwa kama kawaida, mwenye kumdai marehemu ajitokeze kwa wenyewe. Mume wangu alikuwapo. Mwenyekiti wetu alitazama viatu vyake.

Arobaini ni Alhamisi ijayo. Niende? Na je, nilikosa?

AmiDau
Wa aleikum salaam mwanangu. Nenda. Ni damu yako. Daftari liache nyumbani.

Pweza_Mkavu
Mwamremba marehemu bure. Kakimbia kesi, pesa za watu ziko wapi? Kufa kwenyewe ni kukiri.

AmiDau
Pweza, kufa si kukiri. Mshtakiwa hana hatia mpaka ithibitishwe, ndivyo Katiba isemavyo kifungu cha 50. Akifa, kesi ya jinai yafa naye. Hakutiwa hatiani, hakuachiliwa. Hapo ndipo pachungu: pande zote mbili zimebaki bila jibu, na kila mmoja ajiandikia hukumu yake.

BiZuhura_Malindi
Dada pole sana. Mimi hufanya kazi ya ushauri nasaha huku Malindi, nakwambia niliyoyaona.

Shangazi yako hakudanganyi. Kichwani mwake mna vitu viwili visivyokaa chumba kimoja: mtoto aliyemlea, na mtoto aliyeghushi slipu. Mwanasaikolojia wa Marekani, Leon Festinger, alilieleza jambo hili mwaka 1957: mtu akishikwa na mambo mawili yanayogombana, hulegeza lile lililo rahisi kulegeza. Kwa mama, rahisi ni daftari lako. Na lawama nayo lazima itue mahali. Mwenye kuulizwa hayupo, polisi wako mbali, wewe uko mlango wa tatu. Kukulaumu kunamsaidia pia asijiulize yeye mwenyewe kwa nini siku ile hakumgongea mlango. Huo ndio uchungu wake halisi, na pengine hataweza kuutamka mwaka huu.

Kukosa? Leo unajua mwisho, kwa hiyo kila hatua ya nyuma inaonekana ishara. Siku ulipotia sahihi hukuujua. Mtu hajiui kwa sababu ya sahihi moja. Huwa kuna aibu, deni, usingizi uliokatika, mengi yaliyojificha. Lakini wewe nawe unaandika saa nane za usiku. Ukianza kuwaza mabaya juu ya nafsi yako, mwamshe huyo mume, kisha uende hospitali ukazungumze na mtu.

mtoto_wa_Shela
Hilo la "aliteleza" msimbane mama. Ni stara, na sheria nayo ilitutia woga. Kujaribu kujiua kulikuwa kosa chini ya kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya, hadi Mahakama Kuu ilipokibatilisha Januari 2025. Watu wamezoea kuficha. Na marehemu huswaliwa, wanazuoni walio wengi wasema hivyo. Asije mtu akamtisha mama wa watu.

Pweza_Mkavu
Sawa, na sisi wa chama tulie wapi?

BiZuhura_Malindi
Swali zuri hilo. Jeffrey Epstein, tajiri wa Marekani aliyeshtakiwa kwa biashara ya ngono ya wasichana wadogo, alipokufa rumande New York, tarehe 10 Agosti 2019, kesi ilikuwa lazima ifutwe. Jaji Richard Berman hakuifuta kimyakimya. Tarehe 27 aliwapa wanawake waliomshtaki nafasi wakasema mahakamani, ndipo akafuta. Makosa yale na haya ni mbingu na ardhi, lakini haja ni ileile. Itisheni kikao, kila mtu aseme alichopoteza, bila kumtukana marehemu.

AmiDau
Nami niongeze moja. Usimwendee shangazi na neno wizi. Mwendee mjomba wa marehemu na neno deni. Deni hulipwa kabla ya mirathi, hata walii hufa na deni. Kukubali deni hakumlazimu mama kumkubali mwizi.

Mwana_Langoni
Mrejesho. Nilikwenda. Nilikaa jikoni na vitunguu, kwa hiyo hakuna aliyeuliza macho yangu yana nini. Shangazi alipita mara mbili, hakunisalimu. Baada ya hitma mjomba akaniita ukumbini, akauliza, "Mlikuwa mkimdai ngapi?" Nikamwambia. Akaandika nyuma ya kalenda, akarudia kusoma tarakimu moja moja kwa sauti. Shangazi alikuwa nyuma ya pazia, miguu yake naiona. Hakuondoka, wala hakusema kitu.