Ushauri: sefu ya bunduki, kufuli ya betri au ya kuzungusha?

MwanaTudor

Salaam aleikum wadau. Naomba mawazo yenu, hasa kutoka kwa waliokaa na vitu hivi miaka, si aliyenunua mwezi jana.

Nina leseni ya bastola na ya bunduki ya marisau, hii ya pili ni ya shamba huko Kinango. Hadi sasa zinakaa kwenye kabati la chuma la ufunguo, lakini watoto wanakua, na yule wa miaka tisa anajua kila mahali mama yake anapoficha funguo. Nataka sefu kamili. Duka moja mjini limenionyesha mbili, sanduku ni lile lile na unene wa chuma ni ule ule: moja ina vitufe na betri, nyingine ina kile kigurudumu cha namba cha kuzungusha. Muuzaji anasema ya vitufe ndiyo ya kisasa. Ami yangu anasema kitu cha betri kisikaribie bunduki hata siku moja.

Nakaa Tudor, Mombasa, ghorofa ya pili, madirisha yanatazama hori. Anayeishi huku anajua: bawaba zinashika kutu, betri za rimoti zinaota ukungu wa kijani. Sasa, ipi itafunguka bila maneno baada ya miaka kumi ya chumvi hii? Sitaki nisimame mbele ya sefu yangu saa nane za usiku, kuna vishindo mlangoni, nami nabonyeza kitu hakijibu. Wala sitaki ofisa aje kukagua nishindwe kumfungulia.

Fundi_Makupa

Karibu ndugu yangu. Mimi ni fundi wa kufuli, na sefu ndizo zinazonilisha.

Wengi wanaoniita niwafungulie ni wenye sefu za vitufe. Lakini usikate shauri hapo. Nikifungua mlango, karibu kila mara nakuta ile kufuli ya bei ya chini: ndani yake mna koili ya umeme inayovuta kipini chembamba. Ukiingiza namba sawasawa, koili inavuta kipini, wewe unageuza mkono. Kipini kikishika kutu kidogo, hakivutiki. Na baya zaidi, baadhi ya hizo hufunguka kwa kugongwa kwa juu huku mkono unageuzwa, au kwa sumaku kali ikipachikwa mahali pake. Hiyo hata ingekuwa inafunguka kila siku kwa miaka hamsini, nisingekuruhusu uweke bastola ndani.

Kufuli ya vitufe iliyopimwa ni kitu kingine kabisa. Tafuta maandishi kwenye kufuli yenyewe, si kwenye boksi: UL Type 1 kwa za Marekani, au EN 1300 kwa za Ulaya. Hizo zinastahimili. Namba yako haipotei betri ikiisha, maana imehifadhiwa kwenye kumbukumbu isiyohitaji umeme, na betri yenyewe huwa nje kwenye kibao cha vitufe, unabadilisha mlango ukiwa umefungwa. Mtoto akichezea, nyingi zikikosewa mara nne mfululizo hujifunga kwa dakika tano.

Sasa makosa mawili ninayoyakuta kila leo. La kwanza ni betri. Mtu ananunua volti 9 ya rahisi kabisa, au anaweka ya kuchaji. Weka alkalini ya jina linalojulikana, basi. Na usidanganywe na mlio: taa ikiwaka na vitufe vikilia haina maana betri ina nguvu ya kusukuma mota inayovuta ulimi wa kufuli. Kulia kunahitaji umeme kidogo sana. Nimeitwa hadi Shanzu kwa kazi iliyokwisha nilipotoa betri mpya mfukoni.

La pili ni msukumo. Sefu imejazwa, kitako cha bunduki kinasukuma mlango kwa ndani, vyuma vya mlango vinaibana kufuli kutoka ubavuni, mota inashindwa kurudisha ulimi. Mtu anadhani kufuli imekufa. Geuza mkono wa mlango kuelekea upande wa kufunga, ushikilie hapo, ingiza namba, sikia ulimi unarudi, ndipo ufungue. Mara nyingi inatosha.

Kuhusu ya kuzungusha: ndani mna visahani, kwa kawaida vitatu, kila kimoja kina pengo. Namba zako zinapanga mapengo yakae mstari mmoja, chuma kinadondokea humo, ulimi unavutwa. Hamna umeme. Sifa yake kubwa ni kwamba inakuonya. Namba yako ni 42, siku moja inakubali kwenye 43 tu, au kigurudumu kinakuwa kizito. Huo ni wakati wa kuita fundi. Ya betri hufa kama balbu, jana ilikuwa nzima.

Baharia_Mstaafu

Ami yako amesema kweli, yakhe. Nimefanya kazi melini miaka mingi, na sefu ya nahodha ilikuwa ya kigurudumu. Chumvi ya Tudor haifikii chumvi ya katikati ya bahari, na ilifunguka. Kitu kisicho na waya hakina waya wa kuoza. Nunua hiyo, lala usingizi.

Nuru_IT

Mzee wangu, shikamoo. Naheshimu uzoefu wako, ila mwenzetu ametaja saa nane za usiku. Kwa kufuli nyingi za namba tatu unazungusha kushoto mpaka namba ya kwanza ipite mara nne, kulia mpaka ya pili mara tatu, kushoto tena mpaka ya tatu mara mbili, halafu kulia mpaka ikwame. Ukipitiliza mstari kidogo tu, unaanza upya. Gizani, mikono inatetemeka, miwani iko chumba cha pili? Vitufe ni sekunde chache.

Hata hivyo sitaki nionekane naziuza. Upande wa usalama za betri zina historia ambayo mnunuzi anapaswa kuijua. Mwaka 2016, kwenye mkutano wa wadukuzi wa DEF CON, mtafiti anayejiita Plore alionyesha jinsi ya kupata namba ya kufuli moja ya kampuni ya Sargent & Greenleaf kwa kupima tu umeme inaoutumia inapolinganisha tarakimu. Mwaka 2025 watafiti wawili, Mark Omo na James Rowley, walionyesha njia nyingine za kufungua kufuli za Securam ProLogic, ambazo zimefungwa kwenye sefu za kampuni kadhaa kubwa. Na mwaka 2023 Liberty Safe ya Marekani ilikiri kuwapa FBI namba ya kufungulia sefu ya mteja baada ya kuonyeshwa hati ya mahakama. Kumbe kampuni ilikuwa na namba yake! Kwa hiyo ukinunua ya vitufe, muulize muuzaji kwa uwazi kama kuna namba ya kiwandani, na ukiipata ibadilishe siku hiyo hiyo.

Lakini mwizi wa huku haji na kompyuta. Anakuja na pikipiki na wenzake wawili, wanabeba sefu nzima. MwanaTudor, unaifunga wapi?

MwanaTudor

Ahsanteni sana. Dada Nuru, nilifikiria ukutani, kwenye kona ya chumba cha kulala. Nyumba ni ya zamani, ya mawe ya matumbawe.

Jirani ananiambia niachane na hizi zote nichukue ya alama za vidole, ya kuweka kando ya kitanda. Mnasemaje?

Fundi_Makupa

Ukutani hapana. Jiwe la matumbawe ni laini, lina matundu. Boliti ya kupanuka inalisaga, na mtu akitia mtaimbo inatoka na kipande cha ukuta. Funga sakafuni, kwenye slebu ya zege, boliti nne, na uiingize konani ili mtaimbo usipate pa kuingilia. Hapo ghorofani mwulize kwanza fundi wa ujenzi unene wa slebu. Na usiiegemeze moja kwa moja kwenye ukuta unaotoa unyevu wakati wa masika.

Nuru_IT

Za vidole, tafadhali kaka, mtoto wa miaka tisa yuko nyumbani. Oktoba 2023 tume ya usalama wa bidhaa ya Marekani ilitangaza kurudishwa kwa sefu za bunduki za vidole zipatazo 61,000 za Fortress. Mwenyewe alidhani amesajili kidole chake, kumbe sefu inakubali kidole cha mtu yeyote. Tangazo lile lilitaja kesi ya mtoto wa miaka 12 aliyefariki. Mtu ananunua kitu cha kumkinga mtoto, kinamfungulia mtoto. Mimi nikiisoma hiyo nasikia uchungu mpaka leo. Tena kwa joto letu, kidole chenye jasho au kilichotoka kusafisha samaki hakisomeki vizuri.

Kibokoni_Mdogo

Nimeweka kituo hapa, nami nina swali hilo hilo. Endeleeni.

Mama_Swaleh

Wanangu, mnazungumza vyuma, mimi nizungumze watu. Marehemu mume wangu alikuwa na leseni na sefu ya kuzungusha, nzuri, haikuwahi kumsumbua. Alipofariki ghafla hakuna aliyejua namba. Leseni ilikuwa ya jina lake, si ya nyumba, kwa hiyo sikutaka hata kuigusa. Nilikwenda polisi kutoa taarifa, wakaja, fundi akaitwa, akatoboa mlango mbele yao huku matanga hayajaisha. Zile kelele za drili ndani ya nyumba ya msiba sitamwombea mtu.

Sikwambii umpe mkeo namba, bunduki ni ya mwenye leseni. Lakini iandike, uitie kwenye bahasha iliyofungwa kwa lakiri, uiweke kwa wakili wako pamoja na nakala ya leseni. Na mkeo ajue wakili ni nani.

MwanaTudor

Mama, pole sana, Mungu amrehemu. Hilo la bahasha sikuwa nimeliwaza kabisa, na nitalifanya wiki hii.

Nimerudi dukani leo nikaomba kuona maandishi kwenye kufuli zenyewe. Ile ya vitufe haina chochote, ni stika ya duka tu. Ya kuzungusha imepigwa UL Group 2, kipimo cha Marekani cha kufuli za kuzungusha. Nimechukua ya kuzungusha kwa ajili ya bunduki ya marisau na risasi zake. Bastola itakaa humo pia kwa sasa, mpaka nipate sefu ndogo ya vitufe yenye EN 1300. Fundi, naomba namba yako kwa ujumbe wa faragha. Kuna la kuangalia kabla ya kuifunga?

Fundi_Makupa

Nimekutumia. Nikija nitaibadilisha namba mbele yako kwa ufunguo maalumu wa kubadilishia. Chagua namba wewe, usiniambie, nitageuka. Kwa kufuli nyingi za aina hiyo namba ya tatu isiwe kati ya 0 na 20, hapo ndipo chuma kinapodondokea. Tarehe za kuzaliwa za watoto waachie wezi wabahatishe.

Usiipulizie mafuta ya kopo hata ikiwa nzito, yanakauka yanakuwa gundi. Baada ya miaka michache niite niisafishe. Ndani weka pakiti za kunyonya unyevu, na bunduki ipanguse mafuta mepesi. Kama ni sefu ya kuzuia moto, zingatia zaidi: ile tabaka ya jasi ukutani mwake ina maji ndani yake, na chuma kinashika kutu mlango ukiwa umefungwa.

Namba mpya ikishawekwa, tunaijaribu mara tatu mlango ukiwa wazi, ulimi unatoka na kurudi tukiuona kwa macho. Hata nikiwa na haraka ya kuwahi feri ya Likoni, usikubali niufunge mlango kabla ya hapo.