"Shimo linalopiga miayo": nilikosea kumkata alama?

BintiMkomani, Lamu

Asalaam aleikum. Nafundisha Kiswahili kidato cha pili hapa kisiwani, na tangu Jumanne kuna jambo limenikaa kooni. Niliwapa wanafunzi aya ya Kiingereza waifasiri. Nyumba imebomoka, mbele ya mlango pamebaki shimo, na mwandishi analieleza shimo hilo kwa neno "yawning". Kijana mmoja akaandika: "Mbele ya mlango palikuwa na shimo linalopiga miayo." Nikapitisha kalamu nyekundu, nikaandika pembeni "shimo halina usingizi", nikamkata alama mbili.

Jioni akanifuata barazani kwetu, daftari mkononi. Akaniuliza kwa adabu: "Mwalimu, mtungi una mdomo na chupa ina shingo. Shimo limekosa nini?" Sikuwa na jibu. Nilimwambia nitamtafutia, na ahadi ni deni.

Kwangu mimi miayo ni ya mtu: ya usingizi, ya njaa ya alasiri mwezi wa Ramadhani, ya kuchoshwa na maneno marefu. Bibi yangu hata "kupiga" hasemi. Husema kwenda miayo, kama asemavyo kwenda chafya, nadhani kwa kuwa ni kitu kinachomjia mtu bila kukiita. Kila tulipoachama mbele yake alituambia, "Funika kanwa!", kisha akatukumbusha hadithi iliyopokewa na Abu Huraira, kwamba Mwenyezi Mungu hupenda chafya na huchukia miayo, na mtu aizuie kadiri awezavyo. Nimelelewa hivyo, na labda ndiyo sababu sentensi ya kijana ilinishtua.

Je, nilikosea? Na ninyi mngeliitaje shimo hilo?

Njia_ya_Marafa, Malindi

Waaleikum salaam mwalimu. Mimi hupeleka wageni Marafa, wengi wao Waitaliano, kwenye lile korongo ambalo Wagiriama huliita Nyari. Unatembea kwenye ardhi tambarare, mara inakatika miguuni pako, na chini kuna kuta za mchanga, nyekundu na nyeupe, zilizochongwa na mvua. Kwa Kiitaliano "sbadiglio", yaani miayo, nimeisikia kwa mtu na kwa paka. Nikisimama pale ukingoni husema "spalancata", yaani imefunguka hadi mwisho wake. Kwa Kiswahili husema ardhi imeachama.

Na neno hilo umelitumia mwenyewe hapo juu, dada: "kila tulipoachama mbele yake".

MwanaMatondoni

Ndugu wa Malindi amelipata. Kwetu Matondoni achama ni neno la kazi. Jahazi likipandishwa pwani likakaa juani wiki kadhaa, mbao hukauka na kunywea. Ukiingia ndani ukatazama ubavuni, unaona mwanga kati ya ubao na ubao. Baba akiona hivyo husema "limeachama", basi, hakuna anayeuliza maana yake. Hapo ndipo kalafati inapotakiwa. Unachukua pamba, unaichovya mafuta, unaisokota kama uzi mnene, unaishindilia kwenye mwanya kwa patasi na nyundo. Taratibu, maana ukigonga kwa nguvu unaupasua ubao. Ni kazi ya kutwa nzima, mgongo umekunjwa, na mlio wake unausikia hadi nyumbani. Jahazi likirudi majini, mbao hunywa maji, huvimba, na vinywa vyote vile hufumba.

Sasa tazama, mwalimu. Miayo huja na kwenda. Sekunde sita hivi, kinywa kimeshafumba. Shimo la nyumba iliyobomoka halifumbi leo wala kesho. Mimi kosa la kijana naliona kwenye hiyo "na" ya "linalopiga", ambayo inanifanya ningoje shimo limalize. "Limeachama" hainingojeshi, kwa sababu kitu kimeshafunguka na kiko hivyo.

Muuguzi_Pwani, Malindi

Niongeze la kazini kwangu, maana naona watu wanaisema miayo kama kitu cha uvivu. Mtu aliyezoea unga, yaani heroini, akiukosa na arosto (mateso ya kuukosa) ikamshika, moja ya dalili tunazozihesabu ni miayo, pamoja na machozi, makamasi na malaika ya mwilini kusimama. Nimekaa na kijana akipiga miayo mfululizo, na usingizi hana kabisa. Anateseka. Wale wanaodhani miayo ni kukosa hewa, mwaka 1987 Robert Provine huko Marekani aliwavutisha wanafunzi oksijeni tupu, na miayo haikupungua. Kwa hiyo mwalimu, hata ile "shimo halina usingizi" ningeifuta.

MwalimuMstaafu, Shela

Binti yangu, kijana alifuata Kiingereza, na Kiingereza ndicho kilichomwelekeza huko. Neno hilo katika Kiingereza cha kale lilikuwa "ginian", na maana yake ilikuwa kufungua kinywa wazi, kwa miayo au kwa jambo lolote. Wao wakaendelea kulitumia kwa kinywa na kwa shimo. Sisi tumegawa: pumzi inayotujia tumeiita miayo, na uwazi tumeuachia achama. Kijana ameshika neno sahihi kwenye kamusi, ila kamusi ilimpa nusu. Hayo si makosa ya mvivu. Mrudishie alama.

BintiMkomani, Lamu

Ahsanteni sana, mmenitua mzigo. Leo nimemsomea majibu yenu yote, na lile la jahazi akataka nilirudie. Kisha akaandika upya mbele yangu: "Mbele ya mlango, shimo lilikuwa limeachama." Maneno yangu ya pembeni nimeyafuta na nimemwomba radhi. Alama nimemrudishia zote mbili, kwa sababu swali lake lilinifundisha neno nililokuwa nalo kinywani tangu utotoni.

MwanaMatondoni, kijana anauliza kama baba yako atakuwa na kalafati Jumamosi hii. Angependa kuja kutazama, nami nitafuatana naye.