Nyanya za masika Lukozi: bakajani linanimaliza, nirekebishe nini shambani?

Mchipuko: Habari wakuu. Nina nyanya aina ya Tanya nusu ekari, Lukozi huku Lushoto, wiki ya 6 tangu nihamishe miche. Nafasi sm 40 kwa 60, hazina miti ya kuzishikilia. Mvua isiponyesha namwagilia kwa keni jioni. Majani yana mabaka meusi, napiga dawa kila wiki na hayakomi. Nauliza kuhusu kilimo chenyewe, si jina la dawa nyingine.

Ndimboti: Tujue kwanza ni baka lipi. Chuma jani alfajiri, ligeuze. Baka kama limebabuliwa na maji ya moto, na ukingoni utando mweupe: bakajani chelewa. Baka kavu lenye miviringo ndani ya mviringo, limeanzia majani ya chini: bakajani tangulia.

Mchipuko: Utando mweupe upo. Na jirani kwa juu ana viazi.

Kijembe: Basi umejijibu mkuu. Ugonjwa ni huohuo wa viazi mviringo, vimelea huja na upepo. Viazi vilivyosahaulika ardhini vikaota, na nyanya za maotea, ndiyo maficho yake. Ng'oa vyote. Miche iliyooza shina itie kwenye mfuko palepale, usiiburute katikati ya mistari, kisha fukia au choma.

Ndimboti: Keni ya jioni iache leo hii. Majani yanalala mabichi mpaka jua la saa tatu. Mwagilia asubuhi, chini ya shina. Kata majani yanayogusa udongo, yakiwa makavu, halafu tandaza nyasi kavu. Vichipukizi usivimalize lakini. Tanya ni fupi, matunda yako kwenye matawi hayo. Msimu ujao weka miti na upande 60 kwa 90.

Tenga Tupu: 60 kwa 90 ni miche 7,400 kwa ekari, badala ya 16,800. Hasara hiyo analipa nani?

Kijembe: Hesabu matenga, si miche. Zikibanana hivyo katikati hapakauki, na dawa inaishia majani ya juu. Ndiyo maana anapiga kila wiki bure.

Mchipuko: Nikihamia mahindi msimu mmoja litaisha?

Ndimboti: Hilo la tangulia ndilo linalobaki kwenye masalia, mzunguko wa miaka 2 hadi 3 bila nyanya, viazi wala bilinganya hulipunguza sana. Chelewa litakufuata hata shamba jipya, kwa hiyo ongea na jirani wa viazi.