Mrejesho: bajaji ya shujaa wangu wa katuni
Wakuu, mwezi uliopita niliomba ushauri hapa. Shujaa wangu anaendesha bajaji yenye mitambo ya ajabu, lakini kila niliyemwonyesha aliona bajaji tu. Asanteni sana, narudi na majibu.

Wewe uliyesema niipake yote wino mweusi nione kama bado inatambulika, Mungu akubariki. Nilipaka, nikamwonyesha mdogo wangu, akasema, "Kiatu." Aibu! Nikainua paa kwa nyuma likawa kama pezi la papa, maana shujaa mwenyewe anavaa kofia ya papa. Sasa hata nikiichora ndogo kama kidole gumba, inajulikana ni ya nani.

Mfano wa Batman nao ulinitoa woga. Kumbe mwaka 1939 alianza na gari jekundu la kawaida tu, na lile la televisheni la 1966 lilitengenezwa kutokana na Lincoln Futura, gari la maonyesho la 1955. Basi na mimi kuanzia kwenye bajaji si dhambi.

Niliunda pia bajaji ya maboksi, naizungusha mezani kabla ya kuchora. Magurudumu hayahamihami tena kila fremu.

Kilichoshindikana ni mabawa niliyoiwekea bajaji. Yalikula nafasi ya maneno, nikayafuta kurasa tatu nzima. Mistari ya kasi bado inanisumbua: bajaji inaonekana imeegeshwa huku inatoa moshi. Ila kurasa nane za kwanza zimekamilika.