Sheha akija na watafiti mlangoni, mkono wa serikali unakomea wapi?

Mkaazi wa Kaskazini Pemba

Assalaamu alaykum wanajamvi. Nina suala linalogusa shehia nyingi za huku kwetu. Gari ya utafiti ikifika, mbele yake yupo sheha au mjumbe wake. Watoto wanapewa makopo ya choo na mkojo, wakubwa wanatolewa damu, nyumba inaandikwa namba kwa chaki, na kijana mmoja anasimama uwani na simu kuchukua alama ya mahali. Karatasi inasomwa mbio mbio, watu wanatia saini au dole gumba, gari inahamia nyumba ya pili.

Je, haya ni wajibu wa raia, au mtu ana haki ya kusema hapana bila ya sheha kumwekea alama? Na ikiwa fedha karibu zote zinatoka nje, serikali inaingia hapo kama nani: mlinzi wetu au mpangishaji wa shehia? Naomba majibu ya wanaoijua kazi hii.

---

Mapitio ya Ridhaa

Wa alaykum salaam. Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo mlangoni hufanana, kwa sababu gari ni ile ile na sheha ni yule yule.

Ugawaji wa dawa za kichocho, minyoo au matende ni huduma. Dawa imeshajulikana na wizara imeamua kuitoa. Unaweza kuikataa, lakini hakuna anayekujaribu. Wakati wa mripuko kama wa kipindupindu serikali ina nguvu zaidi: kutia klorini kisimani, kufunga biashara ya chakula, kumtenga mgonjwa. Hapo ugonjwa wa mtu mmoja unakuwa wa mtaa mzima kwa siku chache.

Utafiti ni kitu chengine. Hapo serikali haina nguvu ya kukulazimisha hata chembe, na haijalishi ugonjwa ni mkubwa kiasi gani. Katiba ya Zanzibar ya 1984 inalinda faragha ya mtu, familia yake na makaazi yake, na maadili ya utafiti duniani, tangu kanuni za Nuremberg za 1947, zilizotoka kwenye kesi ya madaktari wa Kinazi, na Azimio la Helsinki la 1964 la chama cha madaktari duniani, yamesimama juu ya ridhaa ya hiari.

Kwa hiyo suala la kwanza mlangoni ni moja tu: "Hii ni huduma au utafiti?" Ikiwa ni utafiti, neno hilo lazima liwemo kwenye karatasi, pamoja na namba ya kibali cha kamati ya maadili iliyo chini ya Taasisi ya Utafiti wa Afya Zanzibar (ZAHRI) na tarehe ya kumalizika kwake. Kibali kilichokwisha muda ni sawa na kutokuwa nacho.

Panapoharibika zaidi ni kwenye nafasi ya sheha. Barua inatoka juu, inapita wilayani, inafika kwa sheha, naye anakubali. Alichokubali ni wageni kuingia katika shehia yake. Hakukubali damu ya mtu yeyote. Sheha akiisoma yeye karatasi ya ridhaa, ridhaa imeshaharibika, maana ndiye huyo huyo anayeandika barua ya kitambulisho na kuthibitisha ukaazi wako. Nani atamkatalia usoni? Utaratibu mzuri ni sheha aitishe barza, awatambulishe wageni, kisha aondoke. Watu walale na habari hiyo usiku mmoja angalau. Kesho mtafiti agonge hodi peke yake. Asiyejua kusoma awe na shahidi anayemchagua mwenyewe, si mfanyakazi wa mradi. Mtoto mwenye fahamu zake naye aulizwe. Mzazi ametia saini lakini mtoto analia na hataki, basi aachwe. Na orodha ya waliokataa isipelekwe kwa sheha wala kwa mwalimu mkuu wa skuli.

Jambo moja dogo ambalo timu zenye haraka hulipuuza: asubuhi aliyepo nyumbani mara nyingi ni mama, naye anataka kwanza kushauriana na mumewe. Basi timu irudi jioni. Saini inayopatikana saa tatu asubuhi kwa kumharakisha mama inazaa ugomvi usiku, na kesho yake mtaa mzima umefunga milango.

---

Jirani wa Sheha

Naafiki mengi, ila sheha asitolewe kabisa. Watu wasiojulikana wakizunguka majumbani na sindano wakati wanaume wako baharini au shambani, atakayejibu likitokea la kutokea ni nani? Kuwepo kwake ni dhamana.

---

Mapitio ya Ridhaa

Awepo barabarani, bwana, ajulikane aliko na apigiwe simu. Uwani na kwenye karatasi asiwepo.

---

Hadubini

Niongeze la maabara, kwa sababu mtu akijua kwa nini anaombwa kitu ni rahisi kuona kilichozidi.

Choo kinatakiwa asubuhi na kipimwe siku ile ile. Kwa njia ya Kato-Katz, yaani kupaka choo kwenye kioo na kuhesabu mayai ya minyoo kwa hadubini, tunapima kama miligramu 41.7 kwenye slaidi moja, na mayai ya minyoo ya safura yanayeyuka machoni yasipotazamwa ndani ya saa moja hivi tangu slaidi kutayarishwa. Mkojo wa kichocho unatakiwa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, kwa sababu hapo ndipo mayai yanapotoka kwa wingi. Tunachuja mililita 10 tu. Damu ya kidole ni tone au matone machache. Ya mshipa ikiandikwa mililita 5, hicho ni kijiko kimoja cha chai. Sasa mtu akiletewa mirija mitatu ya damu kwa utafiti wa minyoo, aulize ile mingine ni ya nini. Jibu linaweza kuwa zuri, lakini lazima liwe limeandikwa.

Suala kubwa ni mabaki. Karatasi nyingi zina mstari chini kabisa unaoruhusu sampuli kuhifadhiwa kwa tafiti za baadaye. Huo unataka kisanduku chake peke yake, ndiyo au hapana, ili mtu akubali kupimwa leo na akatae kuwekewa damu yake miaka kumi. Na sampuli ikisafirishwa nje pawepo mkataba unaosema inakwenda wapi, kwa kipimo gani, na itateketezwa lini.

Pia kipimo cha mimba. Majaribio mengi ya dawa za minyoo huwapima wanawake na wasichana wakubwa kabla ya dozi, kwa sababu albendazole haipewi katika miezi mitatu ya mwanzo ya ujauzito. Sababu ni ya kweli. Lakini ukipima skulini, kwa foleni, na wale walioambiwa "wewe subiri kwanza" wakasimama upande wa pili, umeshawatangaza. Jibu litolewe chumbani, na wengine kadhaa wazuiliwe dawa siku hiyo kwa sababu nyengine, ili kusubiri kusiwe na maana moja tu.

---

Fungu la Bajeti

Ndugu yangu aliyeuliza, kwenye fedha ndiko jibu lako lilipo. Watu husema, "kama wafadhili wanalipa, serikali ikae pembeni." Mimi nasema kinyume chake, na mfano umo humu humu Pemba.

Kuanzia 2002 watoto wa mwezi 1 hadi 35 walipewa kila siku madini ya chuma (ya kuongeza damu) miligramu 12.5 na asidi ya foliki mikrogramu 50, wenye chini ya mwaka mmoja nusu yake. Wengine waliongezewa zinki, wengine walipewa kidonge kisicho na dawa. Zaidi ya watoto 24,000 waliingia. Wakati huo kuwapa watoto chuma lilikuwa ni pendekezo la kimataifa, na wengi waliamini hakidhuru. Agosti 2003 kamati huru ya usalama wa data ilisimamisha makundi ya chuma: watoto waliopewa chuma walikuwa na hatari ya kulazwa hospitali au kufariki iliyozidi kwa asilimia 12. Matokeo yalichapishwa 2006, na Shirika la Afya Duniani likabadilisha ushauri wake kwa sehemu zenye malaria nyingi. Waliofuatiliwa kwa karibu, wakapimwa na kutibiwa malaria, na waliokuwa kweli na upungufu wa chuma, walifaidika. Kwa hiyo hatari ilikuwa ni kumpa kila mtoto bila ya kumpima.

Sasa fikiria kazi ile ile bila ya kamati huru. Mtafiti hajui nani kapewa nini. Mfadhili anataka mradi ufike mwisho. Mzazi anaona homa tu, na homa ni jambo la kila siku. Hakuna hata mmoja kati yao anayeweza kuiona hiyo asilimia 12. Anayeweza ni yule aliyeruhusiwa kufungua siri ya makundi katikati ya safari na akawa na uwezo wa kusema simameni. Hapo ndipo fedha ya serikali inapotakiwa kwanza: kamati ya maadili yenye posho yake isiyotoka kwa mradi unaokaguliwa, wakaguzi wa kwenda uwanjani bila ya taarifa, na mtakwimu wa kwetu ndani ya kila kamati ya usalama. Na mkataba useme matokeo yatachapishwa hata yakimchukiza mfadhili, na hata yakiichukiza wizara.

Pili, serikali inunue masuala yake yenyewe. Dawa ya kitovu ya klorheksidini ilipunguza vifo vya watoto wachanga Nepal na Bangladesh. Ilipojaribiwa Pemba kwa watoto 36,911, na matokeo kutolewa 2016, haikuonesha kupunguza vifo kwa kiasi cha kutegemewa. Ivermectin pamoja na albendazole dhidi ya minyoo mjeledi ilifanya kazi vizuri Pemba na Laos, lakini Côte d'Ivoire haikuongeza kitu. Anayenunua dawa kwa matokeo ya nchi za watu anaweza kutupa fedha au kukosa dawa njema. Mwaka 2008 huko Bamako, Mali, mkutano wa mawaziri wa nchi mbalimbali ulitaka nchi zitenge angalau asilimia 2 ya bajeti ya wizara ya afya kwa utafiti. Hata robo ya hiyo, ikiwa ni ya uhakika kila mwaka, ina faida kuliko mradi mkubwa wa miaka mitatu unaoondoka na gari zake. Maabara ya Ivo de Carneri pale Wawi, iliyofunguliwa 2000, imeonesha kinachowezekana mahali pakidumu: mafundi wanabaki na kumbukumbu zinabaki.

Kitu ambacho mfadhili hapendi kulipia ni mishahara ya kudumu, umeme wa friza na jenereta yake. Hata baada ya kebo ya umeme ya chini ya bahari kutoka Tanga kuwashwa 2010, friza ya sampuli ya nyuzi 80 chini ya sifuri inataka umeme wa akiba. Hilo ni fungu la serikali, hata kama halina picha ya kukata utepe.

---

Mkaazi wa Kaskazini Pemba

Ahsanteni sana, nimeelewa mengi. Bado mawili. Hiyo alama ya mahali nyumba ilipo inakwenda wapi? Na mtu akishatoa damu kisha akajuta, inarudi?

---

Mapitio ya Ridhaa

Alama ina kazi: kichocho kinafuata mito na madimbwi yenye konokono, na bila ya ramani hujui uanzie wapi. Tatizo ni ukali wake. Simu inatoa tarakimu tano baada ya nukta, na hizo zina ukali wa mita moja hivi; hata simu ikikosea mita chache, nyumba yako inajulikana. Tarakimu tatu ni kama mita 110. Mbili zinakuweka ndani ya kilomita moja. Ramani ya kuchapishwa haihitaji zaidi ya hizo mbili. Zile tano zikae kwenye faili lenye nywila, mbali na faili la majina. Na kufuta jina peke yake hakutoshi huku kwetu. Ukiandika "mwanamke, miaka 43, kijiji fulani, ugonjwa fulani", kijiji kizima kimeshamjua. Idadi iliyo chini ya watano iunganishwe na ya kijiji jirani kabla ya kuchapishwa.

Kujitoa unaweza wakati wowote, bila ya kutoa sababu na bila ya kupoteza matibabu kituoni. Sampuli iliyobaki inateketezwa. Kilichokwisha kuingizwa kwenye hesabu zilizofungwa huwa hakitoki, na hilo lazima uambiwe mwanzo. Lakini kwenye friza kopo lako halina jina, lina namba tu. Namba hiyo imo kwenye nakala ya karatasi uliyotia saini. Timu ikiondoka na nakala zote mbili, au ikimwachia sheha "azihifadhi", kulipata kopo lako itakuwa shida. Idai nakala yako kabla gari haijaondoka, na iweke pamoja na kadi za kliniki za watoto.